Madoa ya kahawia kwenye meno: namna ya kuyaondoa bila kulimaliza jino, na mbinu hizo zilikotoka

Kabla hujalipia chochote, simama karibu na dirisha mchana. Kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, inua mdomo wa juu, subiri nusu dakika, kisha tazama kwenye kioo. Usitegemee picha ya simu, kwa kuwa simu nyingi hung'arisha uso zenyewe bila kukuuliza. Unatafuta jibu la swali moja: doa liko juu ya jino, ndani ya enameli (lile ganda gumu la nje), au chini zaidi kwenye dentini (lile tabaka la manjano lililo chini ya enameli)? Kila mbinu utakayotajiwa kliniki ilibuniwa kwa kina fulani. Ukiipeleka kwenye kina kingine, utalipa na doa litabaki palepale, tena pengine juu ya jino lililopungua.

Kulisoma doa

Pitisha ukucha karibu na fizi na nyuma ya meno ya chini. Ukigusa kitu kinachokwaruza, chenye rangi ya chai iliyokolea, huo ni ukoga uliogeuka jiwe na kunywa rangi ya chai, kahawa, sigara au miraa. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini huacha doa la aina hiyohiyo ikitumiwa kwa wiki kadhaa mfululizo, na dawa za maji za kuongeza damu, zenye madini ya chuma, nazo hufanya vivyo hivyo kwa watoto. Yote haya yako juu ya jino.

Doa la floridi, madini yanayopatikana kwenye maji ya kunywa, halina tabia hiyo. Huja kwa jozi: jino la kulia na mwenzake wa kushoto, kwa kimo kilekile, kwa sababu meno hayo mawili yalijengwa wakati mmoja ndani ya taya. Likiwa hafifu ni mistari myeupe ya mlalo, myembamba kama uzi. Likizidi, jino huwa kama limepakwa chokaa na juu yake hukaa mabaka ya manjano au kahawia. Likiwa baya kabisa, uso wa jino huwa na vishimo. Kipimo wanachotumia wataalamu wengi, cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, huanza 0 hadi 9, na vishimo huanza kuhesabika kwenye 5. Kumbuka namba hiyo, kwani chini ya 5 una njia nyingi za bei nafuu.

Kwa nini ulikausha meno? Enameli nzima hupindisha mwanga kwa kipimo cha takribani 1.62, maji 1.33, hewa 1.0. Enameli iliyoharibiwa na floridi ina vitundu vidogo mno chini ya uso wake. Vikijaa mate, tofauti na enameli iliyovizunguka si kubwa sana. Vikikauka vikajaa hewa, mwanga hutawanyika na jicho huona chokaa. Kwa hiyo doa linalozidi kuonekana jino likikauka liko ndani ya enameli. Doa lisilobadilika hata kidogo huenda liko chini zaidi.

Mengine mawili yanahitaji njia tofauti kabisa. Jino moja peke yake likiwa la kijivu, mara nyingi lilipigwa zamani, mtoto alipoanguka kwa baiskeli au kwenye ngazi, na mshipa wake ukafa. Hilo lipigwe picha ya eksirei kwanza. Mikanda ya kijivu-samawati inayozunguka meno mengi ni alama ya tetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria) iliyonywewa utotoni au na mama akiwa mjamzito, nayo imelala kwenye dentini.

Doa la floridi lilivyojulikana

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wenyewe walilaumu nyama ya nguruwe na maziwa mabaya. Mwaka 1909 alijiunga naye G. V. Black, aliyekuwa mtafiti mkubwa wa meno wa zama zile, na wakagundua jambo ambalo bado ni la maana kwa msomaji wa leo: mtu aliyehamia mji ule akiwa mkubwa hakupata madoa. Meno yaliyokwishaota hayakuguswa. Mwaka 1923 McKay aliushauri mji wa Oakley, Idaho, uache kutumia bomba la chemchemi, na watoto waliokua baada ya mji kuliacha wakaota meno safi. Lakini hakuna aliyejua ndani ya maji mna nini hadi mwaka 1931, H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya Alcoa, alipopima na kukuta floridi.

Sisi wa Nairobi tuko ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano. Maji ya kisima kirefu hukaa na miamba hiyo muda mrefu na kuchukua floridi yake. Maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni ya mito ya milimani na floridi yake ni kidogo. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuwa na watoto wa ploti hii wenye meno meupe na wa ploti ya jirani, inayouziwa maji ya kisima kwa lori, wenye meno ya kahawia. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hupita hapo.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: jino la floridi huota likiwa jeupe kama chokaa. Kahawia huja baadaye, vile vitundu vinaponyonya rangi ya vyakula miaka inavyokwenda. Hiyo ni habari njema, kwa maana kahawia mara nyingi iko karibu na uso kuliko inavyoonekana, na huondoka kwa urahisi kuliko ule weupe.

Anza na kisichokula jino

Hatua ya kwanza ni kusafishwa ukoga kliniki na kung'arishwa. Usiruke hapa hata kama una hakika doa ni la floridi. Dawa ya kuchubua rangi haipiti kwenye ukoga, na fizi zinazotoka damu huungua upesi. Pia matundu yazibwe kwanza. Subiri wiki moja fizi zitulie.

Hatua ya pili ni kuchubua rangi kwa jeli iliyowekwa ndani ya trei, yaani ganda la plastiki linalovaliwa juu ya meno, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayofaa watu wengi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Mbinu hii ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1968 huko Arkansas, Bill Klusmier, daktari wa kunyoosha meno, alimpa mgonjwa dawa ya vidonda vya mdomoni yenye karbamaidi peroksaidi asilimia 10, aiweke ndani ya kifaa chake cha plastiki ili fizi zipone. Fizi zikapona, na meno yakawa meupe. Haywood na Heymann waliichapisha kama tiba kamili mwaka 1989, kwa kipimo kilekile cha asilimia 10. Kipimo hicho hutoa takribani asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi, na mpaka sasa ndicho cha kulinganishia vingine vyote. Jeli za kliniki zenye asilimia 25 hadi 40 huonyesha badiliko siku hiyohiyo, lakini sehemu ya weupe huo ni jino kukauka tu likiwa limeachwa wazi kwa saa nzima. Jino likipata mate tena, rangi hurudi kiasi ndani ya siku chache. Kwa madoa ya floridi tungechagua trei ya usiku bila kusita.

Trei nzuri hutengenezwa hivi. Daktari huchukua chapa ya meno kwa alginati, humimina plasta ndani ya chapa hiyo mara moja, kwa kuwa alginati ikikaa husinyaa, kisha huvuta karatasi ya plastiki laini ya unene wa milimita 1 juu ya meno ya plasta kwa mashine ya joto na mvuto. Kingo hukatwa zifuate mstari wa fizi. Ukipewa trei inayofunika fizi sana, au ile ya kuchemsha na kuuma mwenyewe, jeli itavuja na kuunguza. Mwombe daktari aipunguze mbele yako.

Usiku, piga mswaki na upitishe uzi kati ya meno. Weka tone la jeli kubwa kama punje ya mchele kwenye uso wa mbele wa kila jino la trei, si zaidi. Vaa, bonyeza taratibu, futa inayotoka kwa kitambaa. Vaa usingizini, au angalau saa mbili hadi nne ukiwa macho. Asubuhi osha trei kwa maji baridi na mswaki. Maji moto huikunja na haitakaa tena. Jeli ihifadhiwe mahali pa baridi. Bomba lililokaa kwenye rafu ya duka linalopigwa na jua limeshapoteza nguvu, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kusema dawa "haishiki".

Meno ya manjano ya kawaida huhitaji wiki mbili. Ya floridi, wiki nne hadi sita. Ya tetrasaiklini, miezi mitatu hadi sita ya kuvaa kila usiku, na mengine hufika mwaka. Wiki ya kwanza mabaka meupe huonekana meupe zaidi kuliko mwanzo na watu wengi huogopa na kuacha hapo. Usiache. Jino linalozunguka baka likiendelea kung'aa, tofauti hupungua.

Yanayokwenda kombo: meno kuuma ukivuta hewa au ukinywa baridi, ambayo ni kawaida. Ruka usiku mmoja au miwili, na utie dawa ya meno yenye potasiamu naitreti asilimia 5 ndani ya trei kwa dakika 10 hadi 30. Fizi zikigeuka nyeupe na kuwasha, jeli imezidi. Osha, pumzika, zitarudi. Jino moja likiuma kwa mpigo na lisitulie, hilo lina tundu au ufa uliosahaulika, urudi kliniki. Na kama una jino lililozibwa au la bandia mbele, litabaki na rangi yake ya zamani huku majirani wakibadilika, kwa hiyo panga kulibadilisha baadaye. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 wangoje.

Kusugua kwa asidi

Kahawia ikibaki baada ya kuchubua, hatua inayofuata huondoa enameli kidogo sana kwa makusudi. Walter Kane alitumia asidi haidrokloriki na joto kwa madoa yaleyale ya Colorado mwaka 1916. Asidi ile ilikuwa kali kupita kiasi. Mwaka 1986 Croll na Cavanaugh waliichanganya, ikiwa asilimia 18, na unga wa pamisi, jiwe lilelile la jamii ya mawe ya kusugulia miguu, wakaisugua kwa sekunde chache kwa wakati mmoja. Siku hizi kliniki hutumia mchanganyiko uliokwishaandaliwa wenye asilimia 6.6 na chembe za silikoni kabaidi. Pasipo na dawa hiyo, asidi fosforiki ya asilimia 37, ile ya kuandaa jino la kuzibwa, huchanganywa na pamisi, ingawa huchukua muda mrefu zaidi.

Uketi kitini ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Meno sita ya juu hutengwa kwa kitambaa cha mpira. Kliniki isiyo na kitambaa hicho isikufanyie kazi hii, kwa sababu asidi hiyo ikifika kwenye fizi au koo huunguza. Baadhi ya madaktari hupaka uji mzito wa soda ya kuokea kwenye ukingo wa fizi ili kuua asidi inayoponyoka. Daktari huweka unga kwenye doa, husugua kwa kikombe cha mpira kinachozunguka polepole, kisha huosha na kutazama jino likiwa limelowa. Kulowa ni muhimu, kwani jino kavu hudanganya na kumfanya asugue zaidi ya haja. Hurudia mara tano hadi kumi na kitu.

Kazi nzima huondoa mikroni 100 hadi 200, yaani milimita 0.1 hadi 0.2. Enameli ya mbele ya jino la juu ina unene wa nusu milimita hadi milimita moja hivi, na hupungua kuelekea fizi. Fanya hesabu mwenyewe: ni kazi ya mara moja, si ya kila mwaka kabla ya Krismasi. Doa lisipoondoka kufikia hapo, liko chini zaidi, na kuendelea kusugua ni kuchimba shimo. Mwisho jino hupakwa jeli ya floridi kwa dakika nne. Ndiyo, floridi: ile iliyoharibu enameli ilipokuwa ikijengwa ndiyo huifanya ngumu ikiwa imekwisha kujengwa. Kwa siku mbili tatu epuka chai ya rangi, manjano, mvinyo mwekundu na bitiruti, kwa kuwa uso uliosuguliwa hunyonya rangi upesi.

Baada ya kusuguliwa jino laweza kuonekana la manjano zaidi, maana enameli imekuwa nyembamba na dentini ya manjano inaonekana kwa ndani. Wiki moja au mbili za trei hurekebisha hilo.

Weupe uliobaki

Kwa mabaka meupe yasiyosikia kitu kuna rezini, plastiki nyepesi kama maji inayogandishwa kwa mwanga, inayonyonywa na vile vitundu. Ilianza kuuzwa mwaka 2009 na kampuni ya DMG ya Hamburg kwa jina Icon. Asidi ya asilimia 15 hufungua uso kwa dakika mbili, jino huoshwa na kukaushwa, kisha hupakwa ethanoli kwa sekunde 30. Hapo daktari hutazama: baka likififia likiwa na ethanoli, rezini nayo italifuta, lisipofifia, afungue uso tena kabla ya kuendelea. Rezini hukaa dakika tatu na kugandishwa kwa mwanga sekunde 40, kisha hurudiwa kwa dakika moja. Hupindisha mwanga kwa takribani 1.52, karibu sana na enameli, ndiyo maana baka hutoweka ingawa hakuna kilichokatwa. Doa la kahawia litangulie kuondolewa, la sivyo utalifungia ndani.

Kufunika: kompositi na vinia

Kwenye namba 5 ya kile kipimo cha mwanzo na kuendelea, yaani jino lenye vishimo, hakuna cha kuchubua. Kuna cha kujaza. Uwezo wa kubandika kitu kwenye jino ulianza mwaka 1955, Michael Buonocore alipoona viwandani asidi fosforiki ikitumiwa kufanya rangi ishike kwenye chuma. Akaijaribu kwenye enameli kwa asilimia 85 kwa sekunde 30. Asidi iliacha uso wenye vinyweleo vidogo, na plastiki ikaingia humo ikashika. Rafael Bowen akafuata mwaka 1962 na hataza ya rezini ambayo bado ndiyo msingi wa kompositi nyingi, zile rezini za rangi ya jino za kujazia. Kabla ya hapo meno mazuri ya sinema yalikuwa maigizo matupu: Charles Pincus wa California, miaka ya 1930, aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood maganda membamba ya kubandika kwa unga wa kushikizia meno ya bandia, na hawakuweza kula nayo.

Kompositi hufanywa kwa siku moja. Asidi ni asilimia 37, kwa kawaida sekunde 15 hadi 30. Hapa kuna kosa la kawaida mjini kwetu: enameli yenye floridi nyingi hukataa kuyeyuka, kwa hiyo daktari akifuata muda wa kwenye karatasi ya dawa, kompositi hung'oka kama ganda la rangi baada ya miezi michache. Huhitaji muda mrefu zaidi, na uso wa nje ukwanguliwe kidogo kwanza. Baada ya asidi jino likaushwe lionekane kama baridi ya barafu. Lisipoonekana hivyo, lirudiwe. Kompositi hujazwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikigandishwa sekunde 20. Baka jeusi lifunikwe kwanza kwa tabaka zito lisilopitisha mwanga, la sivyo litachungulia.

Na jambo la tarehe: ukichubua meno leo, usibandike kitu kesho. Oksijeni ya peroksaidi hubaki ndani ya enameli na kuzuia rezini kuganda. Ngoja wiki mbili. Muda huohuo rangi hutulia, na daktari huchagua kivuli sahihi.

Vinia ya porseleni, ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, ndiyo ya mwisho, kwa sababu haina kurudi nyuma. Iliwezekana mwaka 1983, Simonsen na Calamia walipoonyesha kuwa porseleni nayo ikipakwa asidi haidrofloriki hupata uso wa kushika rezini. Ganda lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.7, na jino hukwanguliwa kiasi hicho upande wa mbele pekee. Daktari akisema atapunguza jino pande zote kwa milimita moja au zaidi, huyo anakutengenezea taji (kofia inayofunika jino zima), si vinia, hata kama risiti imeandikwa vinia. Wanaosafiri nje kufuata bei ya chini hukutana sana na jambo hili. Jino lililochongwa hivyo litahitaji taji maisha yote.

Kabla ya kukata chochote, dai kielelezo: umbo la nta juu ya plasta, kisha plastiki ya muda iliyowekwa juu ya meno yako yasiyokatwa. Zungumza nayo. Hesabu moja hadi kumi, sema "fahari" na "vifaa", ongea Kiswahili chako cha kawaida. Herufi f na v ndizo zinazofichua meno marefu kupita kiasi, kwa kuwa ncha za meno hugusa mdomo wa chini. Na kama una mwanya, sema mapema unautaka au huutaki. Fundi wa maabara asiyeambiwa huuziba, maana ndivyo vielelezo vyake vilivyo, ilhali pwani mwanya ni pambo.

Hilo linatukumbusha kwamba urembo wa meno haukuletwa hapa kwa ndege. Wakamba walichonga meno ya juu ya mbele yakawa na ncha. Wajaluo waling'oa sita ya chini, Wamaasai mawili ya chini katikati. Fundi wa zamani alijua jino likichongwa kupita enameli huuma na huoza. Vinyozi wa Ulaya waliokwangua meno kwa tupa na kuyapaka asidi ya nitriki walijifunza hayohayo kwa wateja wao. Mipaka ya enameli haijabadilika tangu wakati huo.

Nani akushike mdomo

Kuchubua, kusugua kwa asidi na vinia ni kazi ya daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Jina na leseni ya mwaka huu hutafutwa kwenye tovuti ya baraza, na kliniki nayo iwe na leseni yake. Saluni inayochubua meno kando ya kucha haina leseni hiyo. Kwa meno yenye vishimo vingi, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina wataalamu wa fani tofauti chini ya paa moja. Upande wa pili ni kwamba kazi ya wanafunzi huenda polepole.

Nyumbani, acha limau na soda ya kuokea. Enameli huanza kuyeyuka pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ikishuka chini ya 5.5, na limau liko kwenye 2 na kitu. Unga wa makaa, mchanga, msasa na steelwuli hung'arisha kwa wiki moja kwa kuondoa enameli, kisha manjano ya dentini hutokea na hakuna mswaki utakaoyatoa. Dawa ya madoa ya nguo haifai kutajwa karibu na mdomo.

Kama nyumbani kuna mtoto

Enameli ya meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu miezi ya mwanzo hadi umri wa miaka minne au mitano, na ya meno mengine hadi karibu minane, magego ya mwisho yakiachwa kando. Maji ya kipindi hicho ndiyo ya kuhesabiwa. Peleka sampuli maabara ya maji ipimwe floridi kwa jina, kwa sababu kipimo cha vijidudu peke yake hakiitaji. Kuchemsha hakuondoi floridi. Huizidisha, maana maji hupungua na madini hubaki. Klorini haiondoi. Chujio la kawaida la udongo au mkaa haliondoi. Zinazoondoa ni mashine ya osmosisi, inayosukuma maji yapite kwenye utando wa kuchuja, na chujio la mkaa wa mifupa, ambao hubadilishwa ukichoka. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi karibu hayana floridi kabisa.

Huna haja ya kuchuja maji yote ya nyumba. Kuoga na kufua hakudhuru meno. Tenga mtungi wa lita 20 wa kunywa, uji, chai na kupikia. Punguza magadi kwenye maharagwe na mboga, kwani nayo yana floridi nyingi, na usimpe mtoto mdogo chai ya majani kila siku kwa sababu hiyohiyo. Dawa ya meno iwe ukubwa wa punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha punje ya njegere hadi sita. Mtu mzima ndiye amkamulie, na mtoto ateme, asimeze.